Gari ya Kula Barabara

Jumapili saa tatu asubuhi, Erinayo alikuwa anapiga randa ubao nje ya nyumba yake, nyuma ya fleti za Bugolobi, gari la jirani yake, Mkubwa wa ofisi ya barabara, lilipotoka getini. Lilibuniwa kwa uwanja wa mashindano, halafu wenye kiwanda wakalifunga taa na namba ili litembee mjini. Yalitengenezwa sitini tu duniani, na hili lilikuwa la arobaini na moja. Tumbo lake lilikuwa vidole vinne kutoka ardhini.

Lilipopita, lami ilinyanyuka kama mkeka, ikaingia chini ya gari, ikaisha. Ukabaki udongo mwekundu. Gari likacheua kidogo, likaenda zake.

"Si pesa ya barabara walishakula?" akasema mkewe, Esperance, mtu wa Bukavu, mwenye mimba ya miezi sita. "Sasa wanakula barabara yenyewe." Akaendelea kuchagua maharage.

Kila Jumapili lilikula. Kufikia mwezi wa pili wa kuliwa pakawa korongo, hata bodaboda hazipiti, na njia ya kwenda hospitali Nsambya ilikuwa hiyo hiyo moja. Mtoto wa kwanza Esperance alijifungua kwa kupasuliwa. Huyu wa pili daktari alishaonya asizaliwe nyumbani. Erinayo akaingiwa na hofu, akaenda polisi.

Kaunta alikuwepo Koplo Otim, mtu wa kaskazini, anayejivunia Kiswahili chake cha kambini.

"Afande, kuna gari ya kula barabara."

Otim alijua Waganda wanavyochanganya l na r. Akamsitiri, akamsahihisha kimya kimya, akaandika: gari ya kura, barabarani. Faili likaenda kwa watu wa uchaguzi. Jibu lilirudi na muhuri, la adabu kabisa: shauri litaangaliwa uchaguzi ukifika, baada ya miaka minne.

Erinayo alirudi kaunta. "Ni kula, afande. Kula!"

"Ndiyo, kura," akasema Otim. "Nimeandika."

Uchungu ulimshika Esperance mchana kweupe. Gari la kukodi lilifika ukingoni mwa korongo, likageuza. Erinayo akakimbia kwa Mkubwa, akapiga magoti getini.

"Pole sana, ssebo," akasema Mkubwa, akimwita bwana kwa Kiganda, na huruma yake ilikuwa ya kweli. "Lakini hii ya mashindano, kiti ni kimoja. Halafu tupite wapi? Barabara iko wapi?"

Majirani wakambeba Esperance kwenye godoro. Wakateleza, wakapumzika, wakateleza tena. Mama alifika hai. Mtoto, msichana, hakufika. Inauma, jamani, na mimi sina namna nyingine ya kuisema.

Jumapili iliyofuata gari lilitoka, likakosa cha kula, likakwama kwenye udongo mbele ya nyumba ya Erinayo. Mkubwa akafungua mlango, akaita wanaume waje. Wakaja, Erinayo akiwemo.

"Pole kwa mtoto, ssebo," Mkubwa akamwambia. "Sukuma taratibu. Hiyo rangi hapa haipatikani."

Erinayo akapangusa mikono kwenye suruali, akasukuma taratibu.