Kitambaa cha Sita

Tangu asubuhi fundi hakutulia. Alizunguka injini kama kuku anayetafuta pa kutagia: mara kushoto, mara kulia, mara anainama, mara anainuka kutazama saa ya ukutani. Saa ile ilikwenda mbele dakika kumi na mbili. Kaka yake ndiye aliyeitegesha hivyo miaka mingi iliyopita, akisema fundi asiyedanganywa na saa atawadanganya wateja.

Siku hiyo mteja alikuwa kaka mwenyewe. Alikaa kwenye benchi la zana, mikono juu ya magoti, ameelekeza uso kwenye mwanga wa mlango. Macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Aliona vivuli tu, na kila upepo ukipiga, machozi yalimtiririka. Daktari wa macho alikuja mara mbili kwa mwaka katika hospitali iliyokuwa mwendo wa saa tatu kutoka pale. Upasuaji ulikuwa kesho yake alfajiri, na mgonjwa alitakiwa awe amepokelewa kabla ya saa kumi jioni. Akikosa, angoje miezi sita mingine. Kwa hiyo gari lake litoke saa sita, na likichelewa sana, saa saba.

"Umefika wapi?" kaka aliuliza.

"Kaka, umeniuliza sasa hivi."

"Sasa hivi ilikuwa sasa hivi. Sasa ni sasa."

Gereji ile ilikuwa yake. Ndiye aliyemfundisha mdogo wake kushika spana, na macho yalipoanza kuingia ukungu, miaka mitatu nyuma, alimkabidhi funguo. Mdomo alibaki nao.

Na mdomo ule ulikuwa na haki yake. Mwezi uliopita gari lilipoanza kudondosha oili, fundi aliingia chini, akaona imelowa pale injini inapoungana na giaboksi, akatoka na hukumu: sili ya nyuma, ile pete ya mpira ya kuzuia oili, imekwisha. Kaka akamwambia, "Oili haipandi mlima. Ukiiona chini, tafuta juu." Fundi akajibu kwamba anajua anachofanya. Alishusha giaboksi siku mbili nzima, akatia sili mpya, akaosha kila kitu kwa petroli. Wiki moja baadaye oili ilikuwa sakafuni vilevile. Mke wa kaka, mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, alikuja na beseni, akalisukuma chini ya gari kwa mguu.

"Shemeji," alisema, "mtoto wako bado anakojoa kitandani."

Safari hii fundi alianzia juu. Alipofungua manifoldi, lile bomba kubwa la kugawia hewa, alikuta bonde lililo katikati ya injini limejaa oili kama sufuria. Katikati ya bonde ilisimama nyumba ya chujio la oili, ya plastiki. Joto la miaka lilikuwa limeikausha, na pale chini inapokaa juu ya chuma palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Oili ilivuja hapo, ikajaa bonde, ikamwagikia nyuma hadi kwenye gia. Ilikuwa kama umbea: umeanzia nyumba ya kwanza, wewe unaenda kugombana na nyumba ya tatu.

Aliagiza nyumba mpya, ya alumini. Asubuhi hii alilipangusa bonde, akaifunga, akaikaza kwa spana ya kupimia nguvu hadi spana ikasema basi. Kazi yenyewe haikumsumbua. Kilichomsumbua kilianzia kwenye vitambaa.

Manifoldi ikitoka, matundu sita ya hewa hubaki wazi, yameachama juu. Nati moja ikidondoka humo, injini imekwisha. Kwa hiyo kaka alikuwa na sheria yake, na gereji nzima iliijua: chukua shati moja kuukuu, lichane vipande sita, kila tundu kipande chake. Kisha hesabu mara tatu: vikiingia, vikitoka, na kabla ya kutia ufunguo. Leo shati lilikuwa la kaka mwenyewe, jeupe lenye mistari ya buluu, na alilichana kwa mikono yake pale benchini.

Vilipoingia, fundi alihesabu sita. Wakati wa kuvitoa alianza vizuri, anachomoa na kutupa benchini karibu na kaka, moja, mbili, tatu, na hapo shemeji akaita kutoka getini.

"Shemeji! Begi la mgonjwa nilitie nyuma au bado kuna uchafu wako huko?"

"Nyuma kuna zana! Liweke kiti cha mbele!"

"Na mgonjwa nimweke wapi, kwenye buti?"

Wakacheka. Fundi akarudi kwenye injini akiwa bado anatabasamu, akamalizia kuchomoa, akarudisha manifoldi, akakaza bolti kutoka katikati kwenda pembeni kama inavyotakiwa, akachomeka nyaya, akajaza oili na maji ya rejeta. Saa ya ukutani ilisema saa sita kamili. Alichukua ufunguo kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto akaanza kuvihesabu vitambaa benchini, kwa mazoea tu, kama mtu anayegusa mfuko kabla ya kutoka nyumbani.

Vitano.

Akahesabu tena. Vitano. Akavipanga kimoja kimoja kama karata. Vitano.

Alipiga magoti akatazama chini ya benchi. Akafungua droo ya zana. Akatia mkono kwenye pipa la taka, akajipapasa mifuko yote, hata wa shati, ambao ulikuwa umetoboka tangu mwaka jana. Akalala chali chini ya gari, akatoka, akaingia tena.

"Unatafuta nini?" kaka aliuliza.

"Soketi."

"Ya ngapi?"

"Namba kumi."

"Iko kwenye mpini wa racheti. Nimeisikia ulipoiweka."

Fundi alizunguka gari mara mbili bila kutazama kitu. Moyoni alikuwa akibishana na mtu asiyeonekana. Upepo umekipeperusha. Gereji ina paka. Nani aache kitambaa ndani ya injini, na umri huu? Lakini sauti nyingine ilikuwa ikimjibu: yuleyule aliyeshusha gia siku mbili kwa ufa uliokuwa juu.

Tundu la mwisho, la nyuma kabisa, lilikuwa gizani chini ya kioo cha mbele. Je, alikichomoa kile? Mkono wake ulikumbuka kuchomoa. Lakini mkono hukumbuka kila kitu. Ulichomoa vitambaa kama hivyo maisha yake yote. Na kama kimo humo, injini ikiwaka itakivuta hadi kwenye vali. Labda itakohoa hapohapo. Labda itangoja hadi kwenye mteremko, na kaka yumo ndani, na shemeji ndiye aliyeshika usukani.

Aliingia kwenye kiti cha dereva, akatia ufunguo. Akauzungusha hatua moja. Gari likatoa mlio mmoja mdogo na taa za dashibodi zikawaka, nyekundu na njano. Alitazama pembeni. Kupitia dirisha la mlango aliona kaka yake ameinua kichwa, ametulia kimya, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu gereji ijengwe.

Hatua ya pili ilikuwa robo ya zungusho tu.

Fundi alirudisha ufunguo nyuma, akauchomoa, akatoka. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni, mkoba begani.

"Tayari?"

"Shemeji, sijui kitambaa cha sita kiko wapi."

"Vilikuwa sita, viko vitano," alisema polepole. "Hata watoto wangu wa darasa la kwanza wanajua kimebaki kimoja. Kimebaki wapi?"

"Pengine ndani ya injini."

"Pengine?"

"Sikuhesabu vilipotoka. Ulikuwa unaniita." Akajiuma ulimi. "Hapana, si wewe. Mimi sikuhesabu."

Shemeji aliketi juu ya tairi kuukuu. Hakuwa na utani usoni. "Kufungua na kufunga ni muda gani?"

"Saa moja. Kama mikono haitetemeki."

"Na mikono?"

"Inatetemeka."

Kaka alikohoa benchini. "Basi, ndiyo kazi," alisema kwa upole. "Fungua taratibu, mdogo wangu. Usijiumize. Daktari si yupo tu? Atakuja tena."

Upole ule ulimchoma fundi kuliko matusi. Mtu aliyekuwa akimsukuma tangu jua kuchomoza, sasa anambembeleza! Ameshanikatia tamaa, fundi aliwaza. Akainamia injini, akafungua bolti zilezile alizokaza sasa hivi, haraka, vidole vikigongana kwa haraka yake mwenyewe. Soketi ilimponyoka mara mbili. Ngozi ya kidole ilibaki kwenye chuma. Shemeji alishika tochi bila kuambiwa.

Manifoldi iliinuka. Wote wawili wakainama.

Tundu la kwanza, tupu. La pili, tupu. Fundi alitia kidole kila moja, hadi la sita kule gizani, akakizungusha humo.

"Hakuna," alisema.

"Hakuna ni nini? Hakuna ni vizuri?"

"Sijui. Hakuna."

Upepo ulipita mlangoni ukiwa na vumbi. Kaka alianza kutokwa na machozi kama kawaida yake. Alitia mkono mfukoni, akatoa leso, akajifuta jicho la kulia, kisha la kushoto, kwa utulivu. Alipoishusha, uso wake ulikuwa na mstari mweusi wa masizi kutoka sikio hadi sikio.

Shemeji alizima tochi.

"Mume wangu, hiyo leso ina rangi gani?"

"Nyeupe. Si umeifua mwenyewe?"

"Shika ukingo wake."

Kaka alipapasa ukingo. Leso ya mwalimu ilikuwa na pindo lililoshonwa kwa mkono. Kile alichokishika kilikuwa na nyuzi zinazoning'inia. Vidole vyake vilisimama.

"Kumbe nina vitambaa viwili mfukoni," alisema.

Fundi alitupa racheti. Ilipiga sakafu ikaruka hadi chini ya gari.

"Kaka! Umenifanya mwendawazimu! Nimeingia kwenye pipa la taka! Nimejishusha mbele ya shemeji!"

"Wamesema hawanilazi usingizi," kaka alisema. Magoti yake yalikuwa yakicheza juu chini. Fundi alitambua kwamba yalikuwa yakicheza hivyo tangu asubuhi. "Wananitia ganzi jichoni tu. Mtu anakuja na kisu, wewe uko macho, na hupaswi kufumba. Nimeliwaza usiku na mchana. Ulipogeuka kuongea habari za begi, kitambaa kilikuwa karibu na mkono wangu. Nikasema, kikikosekana kimoja, hatawasha. Huyu hatawasha. Atafungua, saa zitapita, basi."

"Na kama ningewasha?"

"Nilisikia ule mlio wa kwanza. Nilikaribia kupiga kelele."

"Upige kelele ya nini? Injini ilikuwa tupu! Kitambaa unacho mwenyewe!"

"Injini ilikuwa tupu," kaka alisema. "Wewe ulikuwa unajua hilo?"

Fundi alitazama ufunguo uliokuwa kwenye ukingo wa gari, akakumbuka robo ile ya zungusho, jinsi ilivyokuwa karibu. Hasira ilikuwa bado ipo, ila haikujua tena imshukie nani.

Shemeji alikuwa akitazama ukutani. "Saa saba kasoro dakika ishirini," alisema. "Kufunga nusu saa. Tutatoka saa saba na dakika kumi, tufike saa kumi na dakika kumi. Umeshinda, mzee. Miezi sita. Nitaendelea kukusomea hata maandishi ya sabuni."

Kaka alikunja kile kitambaa mara mbili, akakikunjua, akakikunja tena. Fundi naye alijua kuna jambo la kusema kuhusu saa ile, lakini kichwa chake kilikuwa kimejaa kelele, na halikuja.

"Toa kumi na mbili," kaka alisema.

"Nini?"

"Saa hiyo inadanganya. Niliitegesha mimi. Mwalimu, toa kumi na mbili."

Shemeji alihesabu kwa midomo. "Saa saba kasoro dakika mbili."

"Basi mnangoja nini, nibadili mawazo?"

"Wewe hukai," fundi alimwambia. "Njoo hapa. Kazi umeiharibu, utaijenga."

Alimshika mkono akamsimamisha mbele ya boneti. Kaka hakuwa amegusa injini miaka mitatu. Fundi alimpa bolti ya kwanza. Vidole vya mzee vikatafuta tundu, vikalipata, vikaanza kuzungusha bila haraka. Bolti ya pili. Ya tatu. Fundi alifuata nyuma na racheti. Hawakusemezana ila maneno ya kazi: hii, bado, ingine, hapo. Magoti ya kaka yalikuwa yametulia.

Kabla ya ufunguo, kaka alihesabu vitambaa kwa sauti, akimwekea mdogo wake mkononi kimoja kimoja. Sita. Shemeji akawasha. Injini ilikohoa mara moja, ikakubali. Fundi alilala chini na tochi, akakaa huko dakika nzima, akaongeza nyingine.

"Vipi?" kaka aliuliza.

"Pakavu."

"Tafuta juu pia."

"Na juu pakavu, kaka."

Walimweka kiti cha nyuma, begi likabaki mbele. Kaka alinyoosha mkono dirishani. "Nipe kimoja. Cha kushika tu."

"Hicho kichafu, hospitali watakifukuza na wewe," mke wake alisema, lakini alingoja hadi fundi akampa.

"Shemeji," fundi alinong'ona, "kwenye taa za barabarani asije akafungua mlango."

"Mlango wa nyuma una kufuli ya watoto," alijibu, akaondoa gari.

Fundi alibaki amesimama mahali gari lilipokuwa. Aliinama akapitisha kiganja sakafuni. Pakavu. Alinawa mikono, akaketi, akainuka, akaenda getini, akarudi. Mwisho alisimama kwenye benchi akavihesabu vitambaa vyenye mistari. Vitano. Alijua cha sita kiko wapi. Akavihesabu tena.