Kaa Nami au Kaa na Mama

Kazi yangu ni kupima watu masikio, kwa hiyo naomba nisichekwe mapema.

Mimi na mume wangu tulioana kwa wimbo wa bendi moja ambayo sisi mashabiki tuliipa jina la Ukungu. Magitaa yao yalielea, mwangwi ulipandiana na mwangwi, na mwimbaji alisikika kama mtu anayeimba ndani ya tangi la maji. Maneno yake uliyapata kwa kubahatisha. Kiitikio cha wimbo wetu kilikuwa "Kaa nami", na mume wangu alininong'oneza maneno hayo siku aliyotaka kunioa, hadi nikasahau kuringa.

Mama mkwe, aliyehamia kwetu miaka sita iliyopita, alishikilia kuwa wanasema "Kaa na mama".

"Mama, masikio yako yamechoka," nilimwambia juzi, tena nikiwa bado nimevaa koti la kazini.

"Basi nayapeleka kwa mwanangu mkubwa yakapumzike," akajibu.

Hakutania. Shemeji angekuja kumchukua Jumamosi saa sita mchana, na safari hiyo haikuwa ya kurudi. Sikumzuia. Nikisema nilihuzunika nitakuwa mwongo, maana nilishapima dirisha la chumba chake nikitafuta pazia jipya.

Jumamosi hiyo mume wangu akaja na habari. Wazee wa Ukungu, kabla ya kustaafu, walizichanganya upya nyimbo zao zote, wakafyeka mwangwi na kumleta mwimbaji mbele. Akaunganisha simu na spika pale sebuleni. Mimi nikaketi, nimekunja nne, nasubiri ushindi. Mama mkwe akakaa ukingoni mwa kochi, begi lake miguuni.

Nilidhani nitalia kwa raha. Kumbe gitaa moja lilikuwa likikosea miaka yote hiyo, na mwimbaji, maskini, alikuwa na mafua. Kisha kiitikio kikaja, kikavu kama tangazo la stendi: "Kaa na mama."

Mara nne. Mume wangu akatazama dari. Kumbe niliposwa kwa wimbo wa mama mkwe. Uso ulinishuka, na nilishindwa kuuficha.

Mama mkwe alinitazama, kisha akaokota begi. "Ni kaa nami," akasema. "Mlisema kweli. Masikio yangu yamekwisha."

Sasa, mimi kutwa nakaa na watu wanaodanganya kuhusu masikio. Wote hudanganya namna moja: hawakusikia, wanasema wamesikia. Najua jicho la mtu linavyotulia anapolipata neno, na la mama mkwe lilitulia kiitikio cha kwanza tu. Alisikia kila kitu, akajitia hamnazo ili aniachie wimbo wangu.

Niliona haya. Ningeweza kunyamaza, na gari la shemeji lilikuwa tayari linanguruma nje.

"Mama," nikasema, "umesikia vizuri kuliko mimi."

"Mimi kiziwi. Uliniambia mwenyewe."

"Nilikosea. Wanasema ukae."

Hakuliweka begi chini. "Hao ndio wanasema," akajibu. "Na wewe?"

"Kaa, mama."

"Sijasikia."

Nikarudia kwa sauti, nikarudia tena, hadi shemeji huko nje akazima gari.