Mstari wa Tatu

"Umewapigia simu?" nilimuuliza. "Umewaambia huji?"

"Nimewaambia waniache."

"Harlis, yule daktari alisema Jumatatu. Hakusema ukijisikia."

"Na mimi nimesema siendi. Mama, hebu tuyamalize."

"Hatuyamalizi. Ndiyo kwanza tumeanza."

Mwanangu alikuwa amekaa kwenye kiti cha marehemu baba yake, kofia kichwani ndani ya nyumba. Sauti ilimtoka ikikwaruza, kama mtu anayeburuta sanduku juu ya changarawe. Uvimbe ulikuwa kooni. Daktari wa hospitali ya Lexington alitueleza bila kuzunguka: wakikata sasa, huenda akaishi miaka mingi. Lakini watakachokiondoa ni kisanduku chenyewe cha sauti. Hataimba tena. Hata kumwita mbwa hataweza.

"Mwimbaji asiye na sauti ni nini? Niambie wewe uliyesoma."

"Ni mtu. Anakula, analala, anapasua kuni. Maiti haipasui kuni. Nimeshamzika mwanamume mmoja aliyekuwa akimcheka daktari. Wa pili simtaki."

Nevada, shangazi yake, alikuwa mezani akivunjavunja maharage mabichi. "Mwache apumue, Orpha. Unamsema kama mtoto wa darasani kwako."

"Watoto wa darasani kwangu wanasikia."

Arvil, mume wangu, aliingia mgodini akiwa kijana, na vumbi la makaa ya mawe likamjaa mapafuni mpaka akawa analala ameketi. Kila nilipomwambia aache kazi alisema ataacha kiangazi kijacho. Yuko kilimani sasa, ana jiwe zuri.

Harlis alirithi sauti kwa baba yake, na sauti hiyo ilimpeleka mbali. Alianza kuimba kwenye baa za wachimbaji huko bondeni, kisha akaenda Nashville, mji wa waimbaji, na gitaa la kuazima. Wakubwa wa studio walimtaka awe mchangamfu, wakamvalisha koti la kumetameta. Hakuna aliyenunua santuri zake. Ndipo mtu mmoja akampeleka Alabama kurekodi na wapiga ala weusi, yeye mzungu peke yake. Mpiga kinanda, Bwana Tolliver, alimsikiliza ubeti mmoja tu akasimamisha kazi.

"Wewe, nani amekufundisha kulivuta neno hivyo?"

"Kanisani kwetu, milimani."

"Hata kwetu wazee wanaimba hivyo hivyo. Vua hilo koti tufanye kazi."

Wimbo uliotoka pale ulikuwa wa mwanamke anayeacha taa ya barazani ikiwaka kwa ajili ya mume ambaye hatarudi. Madereva wa malori waliegesha kando ya barabara wakalia. Mimi sikuwahi kukanyaga baa kumwona mwanangu akiimba. Nilimsikia redioni nikipiga pasi, na nguo zikaungua. Baadaye ikaja pombe, ikaja talaka, kumbi zikawa ndogo mwaka hadi mwaka. Mwaka huo, 1979, ukaja uvimbe.

"Jumapili ni ukumbusho wa Baba," alisema. "Nataka kuutoa wimbo wake. Baada ya hapo nina maonyesho ya vuli. Nitaimba mpaka iishe. Ikiisha, niishe nayo."

"Maneno ya wimbo hayo. Mimi nakuuliza ya hospitali."

"Nimeshajibu."

Kanisani kwetu hakuna gitaa wala kinanda. Mtu mmoja husimama akautoa mstari mbiombio, kama anayetangaza mnada, kisha watu wote wanaupokea na kuuvuta polepole, kila mmoja akipanda na kushuka kwa njia yake, mpaka unahisi mbao za sakafu zinatetema. Halafu anatoa mstari mwingine. Arvil ndiye aliyekuwa akitoa. Lakini anayetoa sharti awe mwanamume, tena aliyebatizwa, na Harlis hakubatizwa. Huku kwetu hatumsukumi mtu mtoni. Anangoja aitwe, hata kama atangoja mpaka aote mvi. Na wanasema anayeimba kwenye baa hawezi kuisikia sauti inayomwita.

Nilikwenda kwa Ndugu Burchel Sexton, mwangalizi wa kanisa. Nilimkuta akipalilia mahindi.

"Dada Orpha, hilo haliwezekani," alisema kabla sijamaliza. "Amewaimbia walevi maisha yake yote."

"Wewe hujawahi kumsikiliza?"

"Mimi? Hata siku moja."

"Basi redio yako ina mapepo, Ndugu Burchel, maana inajiwasha yenyewe. Nikipita barabarani naisikia."

Aliegemea jembe. "Ni kweli koo linaoza?"

"Ni kweli."

"Wimbo mmoja," alisema. "Kwa heshima ya Arvil. Na asivae lile koti."

Jumapili tulipanda kilimani, malori yakavuta gia ya chini mpaka juu. Kuna banda la mabati katikati ya makaburi ya ukoo, na kila kaburi lilikuwa limefyekwa na kuwekewa maua ya plastiki. Wanawake walipanga vyakula kwenye meza ndefu: kuku wa kukaanga, mkate wa mahindi, maharage, keki za tufaha. Wahubiri walihubiri mpaka mashati yakaloa. Kisha Ndugu Burchel akasema, "Harlis wa Arvil atatoa wimbo wa baba yake."

Mwanangu alisimama karibu na jiwe la baba yake, kofia mkononi. Alikuwa amekonda kiasi kwamba mshipi ulimzunguka kiuno na kubaki. Akatoa:

*Nyumba hii ya udongo nitaiacha…*

Ilikwaruza, lakini ilifika. Watu wakaipokea wakaivuta. Akatoa wa pili:

*Mlango wa juu nitaufikia…*

Huo ulifika nusu. Waliokaa nyuma walisaidiwa na waliokaa mbele. Nikamwona anameza mate, shingo imekakamaa. Akafungua kinywa kwa mstari wa tatu.

Hakuna kilichotoka.

Akajaribu tena. Upepo tu.

Pale kilimani hakuna asiyeujua wimbo ule, hata watoto. Lakini kwetu mstari usipotolewa hauimbwi. Na hakuna mwanamume ambaye angeutoa mahali pake, kwa kuwa mtu hanyang'anywi wimbo mbele ya kaburi la baba yake. Ilikuwa heshima, na heshima hiyo ilikuwa inamuua mwanangu mbele ya macho yangu. Ndugu Burchel alitazama viatu vyake. Mtu alikohoa. Harlis alibaki kinywa wazi, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni.

Wanawake hawatoi mstari. Sijawahi kumwona aliyetoa. Nilisimama, nikautoa kwa sauti ile ile ninayotumia kuita watoto kutoka uwanjani:

*Walotangulia wananingojea…*

Halafu Nevada akaupokea, peke yake, kwa sauti yake ya pua. Halafu Ndugu Burchel. Halafu kilima kizima. Waliuvuta kama Arvil alivyokuwa akiuvuta, na kama Harlis alivyouvuta kule Alabama. Kila kona ya sauti aliyowahi kuwalizia watu ilikuwa mle, kwenye makoo ya wachimbaji na wake zao ambao hawakuwahi kupanda jukwaa. Harlis aligeuka akawatazama kana kwamba ndiyo kwanza anawaona. Nikatoa wa nne. Wakaanza kumjia, kama ilivyo desturi, wakimshika mkono na kumkumbatia huku wanaimba. Midomo yake ilicheza pamoja na yao. Sauti haikuwamo, na wimbo haukusimama.

Ulipoisha alikuja karibu nami.

"Umeutoa haraka mno," alinong'ona. "Baba alikuwa anatua kabla ya mstari wa nne."

"Baba yako alikuwa anatua kwa sababu hakuwa na mapafu."

Akacheka bila sauti, akajifuta uso kwa kofia. "Funguo ziko wapi?"

"Funguo za nini?"

"Lexington. Twende kabla sijageuka."

"Si uliwaambia huji?"

"Wakikuona wewe watatafuta kitanda."

Nilichukua mkoba wangu. Nevada alitukimbilia na sahani. "Jamani, ale kwanza! Kuku bado wa moto!"

"Asile. Huenda wakampasua kesho, tumbo liwe tupu. Nifungie, nitakula mimi."

Ndugu Burchel alimfungulia mlango wa gari, akamshika bega, akaufunga.

Nikaliwasha. Tulipofika chini ya kilima Harlis aligeuka kutazama nyuma, akaanza kusema kitu.

"Nyamaza," nilimwambia. "Usiichoshe sauti."

Kisha nikatazama barabara iliyokuwa mbele yetu, saa nyingi za milima, na upande wa pili wa milima hiyo madaktari na kile watakachokikata. Nikapunguza mwendo.

"Hapana. Sema. Sema chochote, mwanangu, tuna njia ndefu."

Akasogea karibu ili nisikie, akaanza na mbwa tuliyekuwa naye alipokuwa mdogo.