Sikio la Mfalme katika Chumba cha Kaskazini

Juu mlimani kwenye theluji ilikuwako nchi iliyokuwa jumba moja. Raia walikaa vyumbani, ukoo kwa ukoo, na tanuri lililokuwa chini ya ukumbi wa Mfalme lilipeleka joto kote kwa mabomba. Kote, kwa maneno ya wakaao ukumbini. Wao walikuwa wakijipepea, na huko Chumba cha Kaskazini maji yaliganda mtungini.

Manung'uniko yalipozidi, Mfalme alitangaza haki. Kila chumba kilipewa kihisi joto, kisanduku cheupe cha kuenea kiganjani, kisicho na waya, chenye kupeleka habari tanurini chenyewe. Chumba kikipoa, bomba lake lingefunguka. Kikipata joto, lingejifunga. Watu wakakiita Sikio la Mfalme, wakashangilia. Siwacheki, hata mimi ningeshangilia.

Lakini nchi ile ilikuwa na desturi yake. Kitu kilichotoka mkononi mwa Mfalme hakiachwi uchi: huvishwa nguo bora kuliko zote za chumba na kuwekwa karibu na jiko, mahali pa mgeni wa heshima. Anayekivua amemvua Mfalme, na chumba chake kizima hutolewa nje kwenye theluji. Basi watu wa Kaskazini walilifunga Sikio katika blanketi lao pekee la sufu, wakaliweka kando ya jiko la mkaa. Sikio likapata joto, likasema hivyo hivyo tanurini. Bomba likajifunga siku ile ile.

Blanketi lile ndilo alilokuwa akilalia Semeni, mtoto wa miezi minne aliyefiwa na mama. Bibi yake, Bi Mashavu, msusi wa mikeka, ndiye aliyeng'amua mambo kabla ya wengine. Mtoto alipoanza kukohoa, alipanda hadi barazani, ukumbini mwa Mfalme, akapiga magoti.

Waziri wa Joto alitazama ubao wake wa habari za vihisi, akatabasamu kwa upole.

"Bibi, Kaskazini ndicho chumba chenye joto kuliko vyote. Kimeushinda hata ukumbi huu."

"Mheshimiwa, chenye joto ni blanketi. Niruhusuni nilifunue Sikio, nusu siku tu."

"Unataka kumvua Mfalme?"

Wajumbe wa baraza waliinamisha vichwa. Bi Mashavu akaomba basi aende mtu mmoja, aguse ukuta kwa mkono wake. Waziri alimweleza, bila hasira, kwamba vihisi vililetwa ili watu wasisumbuke kwenda.

Aliporudi, aliwakuta wenzake wa chumbani wamelizunguka Sikio, wanalilinda. Hawakuwa wabaya, walikuwa watu arobaini wenye watoto wao. Walimkopesha kanga zao, wakampulizia mtoto pumzi zao kwa zamu. Inaniuma kusema, lakini hapakuwa na la zaidi. Siku ya tatu Semeni alikata roho, na barazani ubao ulionyesha kwamba Kaskazini hali ni nzuri.

Mfalme alisikitika kweli. Akatuma rambirambi: kihisi cha pili, ili chumba kile kisikilizwe zaidi. Bi Mashavu alikipokea kwa mikono miwili, mjumbe akiwa amesimama mlangoni anamtazama. Nguo bora iliyobaki chumbani ilikuwa shuka nzito aliyojitanda mwenyewe. Akaivua, akakivisha.