Tambiko la Ghorofa ya Saba

Kwa tambiko la kufungua karakana yake mpya, Bong-chul alikuwa amechagua kichwa cha nguruwe chenye tabasamu, maana kilichonuna hakileti wateja. Alikiweka mezani mbele ya mashine yake ya kukerezea vyuma, akawasha udi, akamimina pombe ya mchele bakulini, kisha akasubiri majirani waje kukiinamia na kumtakia heri. Hakuja mtu.

Angekuja nani? Wakuu wa jiji, kwa akili zao nyingi, waliona maendeleo ni kuwapanga mafundi kwa aina katika jengo moja jipya, wakereza wote ghorofa ya saba, wachomeleaji wote ya nne. Jirani yake alikuwa mshindani wake, na aliponusa udi alifunga mlango. Kule walikotoka, kwenye kichochoro cha zamani cha Seoul, hakukuwa na fundi aliyetengeneza kitu kizima. Mmoja alikata, Bong-chul akakereza, Maeng akachovya chuma kwenye mapipa yake ya tindikali kukipaka kromu king'ae, na kazi ilisukumwa kwa mkokoteni mlango kwa mlango. Ndivyo walivyokula.

Ulipokuja mpango wa kuhamishwa, wenye mapipa ya tindikali walikataliwa kwenye jengo jipya. Bong-chul, mwenyekiti wa mafundi, alilijua hilo na bado akaupigia mpango muhuri. Alijiambia kwamba fundi kama Maeng hawezi kukosa pa kwenda.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Maeng, amevaa sare ya mlinzi wa jengo.

"Kaka! Karibu! Nilijua wewe hutanitupa."

"Zima udi, mwenyekiti. King'ora cha moshi kitalia."

"Mwenyekiti wa nini tena? Tumekula sahani moja miaka yote, leo unaniita kwa cheo?"

"Zima kwanza."

Bong-chul akazima. Akaonyesha vyuma vilivyolazwa sakafuni. "Kaka, hii mihimili ya pampu mteja anaitaka wiki hii. Nimezunguka mpaka miguu imevimba, hakuna wa kuichovya. Washa mapipa yako mara moja tu, popote pale. Nitaibeba mwenyewe."

Maeng akacheka kicheko kikavu. "Mapipa gani? Tingatinga lilipoingia kubomoa kichochoro yalikwenda kwenye chuma chakavu. Si wewe uliyelionyesha njia?"

"Nilidhani utapata mahali."

"Mahali penyewe ndipo hapa. Umenikuta getini kila asubuhi, ukapita unaangalia simu."

Maeng akavua kofia, akapiga magoti mbele ya kile kichwa, akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu, kama desturi inavyotaka. "Biashara ikukubali," alisema, akavaa kofia na kuendelea na zamu.

Kati ya mafundi wote wa kichochoro, aliyemwombea Bong-chul heri ni yule ambaye yeye mwenyewe alimfukuzisha.

Simu ikalia. Alimwambia mteja wa mihimili kwamba kazi imemshinda, atafute mwingine.

"Sawa, nielekeze basi. Niende kwa nani?"

Bong-chul akafikiria mlango baada ya mlango wa kile kichochoro kilichobomolewa, na hakuwa na jina la kumtajia.