Uzi Mwekundu Kwenye Mashine ya Vifaranga

Haya nimesimuliwa na mke wa mwanangu Jumapili iliyopita, tukikunja nguo alizoanua, naye alicheka hadi shuka ikamponyoka mkononi. Siku yenyewe hakucheka hata kidogo.

Yeye na wanawake wenzake tisa wana kikundi, na kikundi kina mashine moja tu ya kuangulia vifaranga. Inazunguka nyumba hadi nyumba kwa zamu. Ukiharibu zamu yako, basi, unakaa kusubiri mpaka wenzako wote tisa wamalize. Zamu yake ya kwanza mayai yaliharibika yote. Hii ilikuwa ya pili. Aliweka mayai sitini, akayageuza asubuhi na jioni kwa mikono ya kubebea mtoto mchanga, na Ijumaa hiyo ilikuwa imebaki siku moja tu yaanguliwe.

Sasa Ijumaa hiyohiyo ndiyo shule ya binti yao ilipanga kuzima umeme. Mwalimu aliwafundisha kwamba mtambo unaotuletea umeme unachoma mafuta, na moshi wake tunauvuta sisi na mimea yetu. Kwa hiyo shule ilizima kila kitu mchana kutwa, hata kengele wakagonga kipande cha chuma, na familia zote za mtaa nazo zikaombwa kuzima jioni, kuanzia saa moja mpaka saa mbili.

Mtoto alilishika jambo lile kwa mikono miwili. Wiki nzima alizima taa nyuma ya watu, mpaka baba yake akambatiza Bi Swichi. Lakini akili anazo. Alifunga uzi mwekundu kwenye soketi ya mashine, akatangaza, "Penye uzi hapaguswi. Vifaranga wamesamehewa."

"Na mimi na mpira wangu?" baba akauliza.

"Wewe hujafungwa uzi, baba."

Saa moja ikafika. Mama alikuwa jikoni akifuta vyombo, Bi Swichi akaanza kupita chumba hadi chumba. Mwanangu, ambaye tangu utoto hapendi kazi ya kurudiarudia, akaona safari yote hiyo ya nini. Akaenda ukutani, akaishika swichi kuu, ambayo haikuwa imeguswa tangu wahamie pale, akaivuta chini. Nyumba ikawa giza totoro.

"Kazi imekwisha," akasema, ameridhika kabisa.

"Baba Swichi," mama akaita polepole. "Mashine."

 Akamsikia mumewe akisukuma swichi juu kwa nguvu, kitu kikalia kra, na kishikio kikabaki kiganjani mwa bwana.

 Mama alimulika kioo cha mashine kwa tochi, akaona joto la kwenye kipimo linaanza kushuka. Maneno ya kumwambia mumewe yalimjaa mdomoni, akayameza, maana hata yangekuwa makali vipi yasingepasha joto yai moja. Akampigia simu fundi umeme.

"Nakuja," fundi akasema, "ila niko upande wa pili wa mji. Nipe saa nzima. Na usifungue huo mfuniko, mama, joto litatoka lote."

Wakaifunika mashine kwa blanketi zote za nyumba. Mama akabandika maji kwenye jiko la gesi, lakini chupa za kutia maji moto zilikuwa mbili tu. Hapo ndipo Bi Swichi alipotoka mbio barabarani.

Ingekuwa jioni nyingine, angegonga milango hadi vidole viume. Saa ile kila mtu huwa ndani, televisheni inanguruma, hasikii hata akiitwa jina lake. Lakini jioni ile nyumba zote zilikuwa zimezimwa, watu wamekaa vizingitini mwao wakiongea. Mtoto hakuhitaji kuita mara mbili. Fundi viatu na mkewe walikuja na chupa ya chai iliyojaa maji moto. Nesi wa jirani akaja na kapu la chupa tupu.

"Mgonjwa yuko wapi?" nesi akauliza.

"Ni mayai," mama akasema.

"Wangapi?"

"Sitini."

"Haya, wodi imejaa. Leteni taulo."

Akazungushia kila chupa taulo, isije ikaunguza, wakazipanga kuizunguka mashine chini ya blanketi. Zikipoa, zinajazwa upya. Fundi viatu akamtazama mwanangu, aliyesimama bado na kile kishikio mkononi.

"Shemeji, uliambiwa uzime umeme au uung'oe?"

"Nilitaka kurahisisha."

"Umetupa kazi watu sita. Umerahisisha kweli."

Hata mama akatabasamu. Alipomulika tena, joto lilikuwa limesimama. Halikupanda, lakini halikushuka.

Fundi umeme alifika saa mbili na robo, akabadilisha swichi. Mashine ikaanza kuguruma, na mama akawashika mikono mmoja mmoja, akiwaambia asanteni. Saa ya kuzima ilishapita, lakini hakuna aliyewasha taa. Mama akawachemshia chai kwenye jiko la gesi, wakainywa mlemle gizani, wakaagana.

Bi Swichi alimfunga baba yake uzi mwekundu mkononi, akaenda kulala. Baba akaapa atakesha akilinda mashine. Kabla ya saa nne alishaanza kukoroma kitini.

Mama alimfunika kwa blanketi moja iliyokuwa juu ya mashine, akalaza sikio kwenye mfuniko. Akasikia sauti nyembamba, kama ya ndani ya kisima: chwi. Machozi yakamtoka. Aliwataja kimoyomoyo, nesi, fundi viatu na mkewe, fundi umeme, na mtoto wake na uzi wake. Kisha ikaja sauti ya pili, kutoka yai jingine. Akajinyoosha kwenye mkeka pale chini aisubiri ya tatu, na usingizi ukamchukua kabla haijaja.