Datsun ya Baba na Kilima cha Malakisi

Januari 2006, Jumamosi, asubuhi. Vumbi jekundu limesimama juu ya barabara ya Malakisi, na ndani ya vumbi kuna mwanamke aliyeketi juu ya jiwe. Mwanamke ni mama yangu. Vumbi ni lako.

Wewe umeshapanda, Datsun ya baba. Umepanda mtupu, na ndugu yangu Derrick peke yake kwenye usukani, kama ulivyopanda na baba tangu miaka ya sabini. Sisi tumekufuata kwa miguu, na katikati ya kilima goti la mama limekataa.

"Nyinyi endeni," amesema. "Mimi nimefika."

Hajafika. Kwao ni ng'ambo ya kilima, kwenye mashamba ya tumbaku, ambako dada yake mkubwa amepika na kungoja. Siku hiyo dada yake alikula peke yake.

Shukeni. Hilo ndilo neno la kilima hiki. Baba, Wakhungu, karani wa mahakama ya Bungoma, alilisema hapa chini kila safari, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. Shukeni. Tulishuka. Injini yako ilikuwa ya cc elfu moja mia mbili. Iliweza kukubeba wewe, iliweza kumbeba baba, na hapo hesabu ilikwisha.

Watu waliokuwa wakiteremka na baiskeli zilizosheheni tumbaku walimwita: "Wakhungu! Hiyo gari ni yako, ama wewe ndio wa hiyo gari?" Baba aliinua kofia. Mama alijifunika leso kichwani, akapanda. Watoto walizaliwa, watoto walikua, na mama aliendelea kupanda, huku vumbi lako likimtangulia na kumngojea kwenye kila kona.

Baba alipofariki, kabla ya Januari hiyo, mama alihamia kwangu Matisi, mjini Kitale, ninakofundisha fizikia. Ulikuja naye. Ulilala kando ya tangi la maji, na kuku wakakuzoea.

Ndugu yangu Derrick ana gari jipya, lenye nguvu za kutosha na zaidi. Alijitolea kumpeleka mama Malakisi, avuke kilima akiwa ameketi. Mama alikataa.

"Nimefuata hii gari kwa miguu tangu wewe uko mgongoni," alimwambia. "Mara ya kwanza kupita hapo nimekaa, siwezi pita kwa gari ya mtu mwingine. Hata kama ni yako, baba."

"Sasa Mama, hii inalinda nini hapa? Kuku? Si tuite watu wa chuma chakavu, bana."

Tukaafikiana sisi watatu. Ukivuka kilima na mama ndani, unabaki. Ukishindwa, unaenda kuyeyushwa, na mama hataiona Malakisi tena, kwa maana neno lake nalijua: halirudi nyuma.

Pembe ya kilima haipungui kwa kuombewa. Uzito wa watu haupungui kwa kupendwa. Kati ya vitu vyote vilivyokuwa barabarani, kimoja tu kingeweza kubadilishwa, nacho kilikuwa chini ya boneti yako.

Harbhajan ana gereji mjini Bungoma na, ukuta kwa ukuta, kinu cha kusaga unga. Nyuma ya kinu palikuwa na Vanette iliyopinduka, ya kusambazia mikate, mwili umebonyea, injini nzima. Elfu moja mia tano. Harbhajan aliigonga kwa kiganja kama mtu anayechagua tikiti maji.

"Mwalimu, hii ni kaka yake," alisema. "Kifua iko kubwa, lakini mama moja."

Alisema kweli, nilipima. Matundu ya bolti yalikaa juu ya matundu, gia yako ya zamani ikaikubali injini mpya. Mfuko wangu ulikuwa mwepesi, lakini mahindi ya shamba langu la kule Kwanza yalikuwa mazito. Aliyachukua mahindi, yakaingia kinuni, nawe ukaingia gerejini.

Kwanza breki, kwa sababu kinachopanda kitateremka. Kisha mnyororo ukanena, chuma juu ya chuma, na moyo wako wa zamani ukapanda hewani ukidondosha oili nyeusi. Niliutazama ukining'inia. Ulikuwa mdogo. Kwa moyo huo mdogo ulikuwa umemfikisha baba kazini maisha yake yote, na sikuona sababu ya kuudharau.

Injini ya mkate ilikuwa na kibakuli cha oili kisichoingia tumboni mwako, kwa hiyo tukaifungia kibakuli chako. Kijiti cha kupimia oili kikabaki kile cha Vanette. Tukamimina oili, tukachovya kijiti, kikasema imejaa. Tukakiamini.

"Injini ya mkate!" Derrick alicheka aliponiona narudi nawe. "Sasa itakuwa inasimama kila duka."

Hukusimama kwenye maduka. Ulisimama kilimani. Tulipofika pale pale penye jiwe, sote tukiwa ndani, nguvu tele, taa nyekundu ya oili ikawaka. Nikakuzima papo hapo. Derrick hakucheka. Mama alifungua mlango bila kuambiwa, akajifunika leso, akashika bega la Derrick, akateremka hatua kwa hatua, na vumbi la lori lililopita likawafunika wote wawili.

"Naita watu wa chuma," Derrick alisema tulipofika Matisi. "Agneta, umejaribu. Si mbaya."

Mama alikuwa ameketi uani, ameweka mguu juu ya kigoda. Alikuwa akilitazama kopo la oili karibu na mlango wa jikoni.

"Hii imebaki mingi," alisema.

"Ni ya akiba, Mama."

"Baba yenu alikuwa ananunua kopo kama hii. Ikibaki, ni ya kupaka bawaba za mlango. Hii imebaki ya kupaka bawaba za kanisa mzima."

Nililiinua kopo. Lilikuwa karibu nusu.

Kijiti hakikusema uongo. Kilisema kweli ya kibakuli kingine, cha gari lingine, la mikate. Ndani yako oili ilikuwa pungufu. Kwenye tambarare ilitosha, na kilimani ilikimbilia nyuma, ikaiacha pampu ikinyonya hewa. Nikamimina kiasi cha baba. Nikakuacha utulie mahali palipo sawa. Nikachovya kijiti, nikachukua tupa, nikachonga alama mpya pale oili ilipoishia. Alama ndogo, yenye kung'aa, pana kama ukucha. Hiyo sasa ndiyo kweli yako.

Derrick aliiangalia taa, akawasha injini, akaizima, akaiwasha tena. "Mara moja tu," alisema.

Februari, Jumamosi, asubuhi. Mama mbele, Derrick nyuma, gunia la mahindi butini, ili mtu asije akasema tulikurahisishia. Chini ya kilima mkono wa mama ulikwenda wenyewe kwenye kitasa cha mlango.

"Hatushuki?"

"Hatushuki, Mama."

Gia ya pili. Ukavuta. Ukavuta bila kukohoa, ukavuta bila kutetemeka, ukaila kona ya kwanza, ukaila ya pili, na sauti yako ikawa nzito na tulivu, sauti ya mtu aliyeshiba. Jiwe likaja. Jiwe likapita. Nilitazama taa, haikuwaka.

Mtu wa baiskeli alisimama kando na mzigo wake wa tumbaku. "Wee! Hiyo si ile ya Wakhungu?"

Derrick alitoa nusu ya mwili dirishani. "Ndiyo yenyewe! Na leo imebeba watu!"

Juu kabisa, pale baba alipokuwa akikusimamisha na kutungoja, nikakusimamisha. Injini inanguruma. Taa imezimika. Mama amegeuka kitini, anaangalia chini kupitia kioo cha nyuma, kona zote, hadi mwanzo.

"Kumbe ni kafupi hivi," amesema.

Kisha amevuta leso, amenyoosha mgongo, na amesema kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo:

"Shukeni."

Tumeshuka. Vumbi letu, lililobaki nyuma, limepanda kilima polepole, limetufikia, limetua juu ya boneti yako, juu ya viatu vya Derrick, juu ya leso ya mama. Hakulipangusa.